Video za mtandaoni zimefungua darasa la uhuishaji, lakini nani atasahihisha kazi ya mwanafunzi?

KABLA ya kuvuka daraja la Kilifi ukitokea Mombasa, unafika Mnarani. Juu ya jabali linalotazama hori yapo magofu ya mji wa Waswahili uliostawi tangu karne ya 14 hadi mwanzoni mwa karne ya 17, na katika msikiti wake mkuu yamesalia maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kwenye mawe ya matumbawe kwa ustadi ambao hadi leo humfanya mgeni asimame akaduwaa.

Ustadi wa namna hiyo haupatikani kwa kutazama pekee. Mwanagenzi huketi na fundi. Fundi akamwona anavyoshika tindo, akamkosoa pale mkono unapokwenda upogo, akamrejesha kazini hata jiwe likatii. Hivyo ndivyo mafundi wa mashua, wa milango na wa kofia walivyorithishana kazi katika pwani hii, kizazi baada ya kizazi.

Leo kijana wa Mnarani mwenye simu ya mkononi na bando la intaneti anaweza kuketi chini ya mbuyu akawatazama mafundi wa Australia, Marekani au Japani wakifundisha, bila malipo, fani ambayo kwa kawaida hufunzwa vyuoni kwa ada kubwa. Fani yenyewe ni uhuishaji, yaani kuzifanya picha tuli zionekane zikitembea, zikisema na kucheka. Wengi wetu huijua kwa jina la katuni za runinga.

Je, video hizo zinatosha kumfanya mtu kuwa fundi?

Swali hili halipaswi kupuuzwa kana kwamba linawahusu watoto wanaochezea simu. Ni swali la ajira katika kaunti ambayo vijana wake wengi humaliza kidato cha nne wakabaki kuchagua kati ya bodaboda, uvuvi, vibarua vya ujenzi na hoteli za kitalii zenye misimu yake. Kijana anayeamua kujifunza uhuishaji huweka rehani miaka ya ujana wake isiyorudi, pamoja na fedha za mzazi anayeuza samaki au nazi ili tarakilishi inunuliwe. Akipotea njia, hapotei peke yake.

Ni vyema kwanza tukumbuke tulivyofika hapa. Kabla ya mwaka 2009 Kenya ilitegemea setilaiti ili kuunganishwa na intaneti ya dunia, na mwendo wake ulikuwa wa kinyonga. Mwaka huo nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, na mwaka uliofuata waya wa EASSy ukaanza kazi. Mwanya ambao dunia ilipitia kuingia Kenya uko kilomita zipatazo 60 tu kutoka Mnarani.

Wakati huo mtandao wa YouTube, ulioanzishwa mwaka 2005 na kununuliwa na Google mwaka 2006, ulikuwa tayari umegeuka kutoka uwanja wa mzaha na kuwa ghala la mafunzo ya kila aina. Mapishi, ufundi wa magari, hesabu za kidato cha nne, ususi na uhuishaji, vyote vilipata walimu wa kujitolea.

Jambo la tatu halikupigiwa debe sana, nalo ni kupatikana kwa programu zisizolipiwa. Oktoba 2002, baada ya watumiaji kuchanga euro 100,000 kwa muda wa majuma saba, msimbo wa programu ya Blender uliachiliwa huru ili yeyote autumie na kuuboresha. Programu za kibiashara zinazofanya kazi kama hiyo huweza kumgharimu mtumiaji zaidi ya dola 1,000 kwa mwaka. Blender haigharimu hata ndururu.

Hivyo basi, vizingiti vitatu vikubwa, yaani mawasiliano, mwalimu na chombo cha kazi, vilipungua uzito kwa wakati mmoja. Asemaye kwamba jambo hilo si mapinduzi huyo hana macho.

Ithibati ya kwamba Mkenya anaweza kujifunza kwa video na kuushangaza ulimwengu tunayo, ingawa inatoka katika uwanja mwingine. Julius Yego, mwana wa Kaunti ya Nandi, aliupenda mkuki katika nchi iliyoweka hazina yake yote kwenye mbio. Kwa kukosa kocha wa fani hiyo alizigeukia video za YouTube, akawatazama mabingwa kama Jan Zelezny wa Jamhuri ya Czech na Andreas Thorkildsen wa Norway. Agosti 2015, jijini Beijing, alirusha mkuki mita 92.72 akawa bingwa wa dunia. Mwaka 2016 alitwaa nishani ya fedha katika Olimpiki za Rio.

Hadithi hii imesimuliwa mno, na mara nyingi husimuliwa nusu. Nusu ya pili ni kwamba baada ya Yego kushinda dhahabu katika Michezo ya Afrika jijini Maputo mwaka 2011, alipata ufadhili wa shirikisho la riadha la kimataifa, akaenda Kuortane nchini Finland kufanya mazoezi chini ya kocha. Video zilimtoa nyumbani zikamfikisha mlangoni. Aliyemfungulia mlango alikuwa mtu mwenye macho, aliyeweza kumtazama akirusha na kumwambia goti lake limekosea wapi.

Aidha, kuna tofauti ambayo wanaomtaja Yego kila wakati huisahau. Mrusha mkuki ana futi ya kupimia. Mkuki ukianguka, mita husema ukweli hata kama hakuna kocha uwanjani. Mhuishaji hana futi. Anaweza kutengeneza mwendo mbovu mwaka mzima, akausifu mwenyewe, akasifiwa na marafiki wasiojua, na kusiwe na kipimo cha kumwambia kwamba hajasogea hata shubiri moja. Kwa mantiki hiyo, mhuishaji anamhitaji mkosoaji kuliko hata mwanariadha.

Ili msomaji aelewe uzito wa jambo hili, na tuitazame kazi yenyewe. Filamu ya kawaida huonyesha picha 24 kwa sekunde moja. Dakika moja ni picha 1,440. Kipindi cha dakika 11 ni picha 15,840. Si lazima kila picha ichorwe upya, na tarakilishi hujaza nyingi kati ya zile kuu anazozipanga mhuishaji, lakini ni yeye anayeamua kila kiungo kiwe wapi na kwa muda gani.

Kumfanya mtu wa katuni atembee ni mtihani wa kwanza. Mguu hugusa chini, mwili ukazama kidogo kwa uzito, mguu wa pili ukapishana na wa kwanza, kisha mwili ukainuka kabla ya hatua inayofuata. Mwanafunzi akisahau kuzama na kuinuka, mtu wake huteleza kama aliye juu ya barafu. Mtazamaji hawezi kueleza kasoro iko wapi, lakini huihisi mara moja.

Kanuni hizi hazikuzaliwa na intaneti. Mwaka 1981 Frank Thomas na Ollie Johnston, wahuishaji wakongwe wa kampuni ya Disney, walichapisha kitabu kilichoorodhesha kanuni 12 za fani hii. Mwaka 2001 Richard Williams naye akatoa chake, ambacho wanafunzi wa dunia nzima wanakitumia hadi sasa. Wote hao walizipata kanuni hizo katika vyumba vya kazi, mbele ya wakubwa wao waliokuwa wakiwarudishia michoro iliyojaa masahihisho.

Hapo ndipo dosari ya kwanza ya video inapojitokeza. Video ina mdomo lakini haina macho wala masikio. Hufundisha watu milioni moja somo lilelile, na haijui ni nani kati yao aliyeelewa. Mwanafunzi akikosea, mwalimu wa kwenye kioo huendelea kutabasamu na kumpongeza.

Dosari ya pili ni kukosekana kwa mpangilio. Chuoni kuna muhula wa kwanza na wa pili. Mtu hasomi nywele za simba kabla ya kujua kuuviringisha mpira. Mtandaoni, video inayopendekezwa baada ya somo la kwanza ni ile itakayomfanya mtazamaji abakie akitazama. Kwa sababu hiyo kijana hurukaruka kama panzi, leo moto, kesho maji, keshokutwa mlipuko wa gari, na baada ya mwaka ana vipande 50 vya masomo na hana filamu hata moja ya sekunde kumi aliyoikamilisha.

Dosari ya tatu ni ya kuiga. Somo maarufu kuliko yote kwa wanaoanza Blender ni lile la Mwaustralia Andrew Price, ambalo humwongoza mwanafunzi hatua kwa hatua kutengeneza donati iliyopakwa sukari ya rangi. Ni somo zuri. Limewafungulia mlango watu wasiohesabika. Lakini kijana anayefuata kila kitufe kilichobonyezwa hupata donati ileile ya mwalimu, kisha akadhani amejua kupika.

Mtihani wa kweli ni kuifunga video na kutengeneza hamri. Donati ni duara lenye tundu. Hamri ni pembetatu iliyofura, yenye ngozi kavu ya hudhurungi na uwazi ndani, nayo huakisi mwanga kwa namna yake. Hakuna video itakayomwambia kijana wa Mnarani rangi ya hamri inapotoka kwenye mafuta. Itambidi aende kwa mama muuzaji alfajiri, atazame, arudi, ajaribu. Akifaulu, hapo ndipo tutakapojua kwamba amejifunza kanuni wala hakukariri vitufe.

Wapo watakaosema kwamba dosari hizi ni visingizio vya wazee wasiopenda mambo mapya. Ni kinyume. Kizazi kilichosoma katika miaka ya sabini na themanini kinakumbuka vipindi vya shule vilivyorushwa na Sauti ya Kenya. Redio ilikuwa teknolojia ya kisasa ya wakati huo, na sauti ya mwalimu hodari wa Nairobi ilifika darasani hata katika shule ya makuti. Lakini redio haikuachwa peke yake. Palikuwa na ratiba, palikuwa na kijitabu cha mwalimu, na palikuwa na mwalimu mwenyewe darasani aliyeizima redio, akauliza maswali na kusahihisha madaftari. Waliobuni mpango huo walifahamu kwamba sauti inayotoka mbali humhitaji mtu aliye karibu.

Video za mtandaoni ni redio ile iliyopata picha. Kilichopotea njiani ni mwalimu wa kuizima.

Tukija kwenye gharama, kauli kwamba masomo haya ni ya bure inahitaji kupigwa msasa. Saa moja ya video yenye picha za wastani huweza kula nusu ya gigabaiti hadi gigabaiti nzima na ushei. Somo la saa kumi, likitazamwa mara mbili kama inavyompasa mwanafunzi makini, ni gigabaiti kumi au ishirini. Kwa familia inayonunua bando la siku moja moja, hiyo ni ada, hata kama hailipwi kwenye ofisi ya mhasibu.

Isitoshe, simu haitoshi. Ipo programu kama FlipaClip inayomwezesha mwanafunzi kuchora vikatuni kwenye simu, nayo ni mwanzo mwema. Lakini Blender huhitaji tarakilishi, tena yenye nguvu. Chukua mfano wa mashine dhaifu inayotumia dakika mbili kukamilisha picha moja. Filamu ya sekunde kumi ina picha 240. Hizo ni dakika 480, au saa nane za umeme bila kukatika. Stima ikipotea usiku wa manane, kijana huamka na kukuta kazi imesimama njiani.

Kisha ipo lugha. Masomo mengi ya maana yametolewa kwa Kiingereza cha haraka, kilichojaa istilahi ambazo hata mwenye shahada ya fasihi atazikodolea macho. Ajabu ni kwamba Kiswahili kina neno linaloieleza fani hii vizuri. Kuhuisha ni kutia uhai, na hicho ndicho mhuishaji anachofanya. Lakini zaidi ya neno hilo la jumla, istilahi za kazi ya kila siku bado hazijatulia. Tangu Unesco ilipoamua mwaka 2021 kwamba Julai 7 iwe Siku ya Kiswahili Duniani, hotuba za kuisifu lugha hii zimekuwa nyingi. Mafunzo ya ufundi kwa lugha hiyohiyo yangekuwa sifa bora zaidi.

Je, soko lipo? Hili ndilo swali ambalo mzazi huuliza kabla ya yote, naye ana haki. Mfano ulio karibu ni Tinga Tinga Tales, mfululizo wa vipindi 52 ulioanza kuonyeshwa na BBC nchini Uingereza mwaka 2010. Michoro yake ilichota mtindo wa Edward Saidi Tingatinga, msanii wa Tanzania aliyefariki mwaka 1972, na uhuishaji wake ulifanyika Nairobi katika studio ya Homeboyz ikishirikiana na kampuni ya Tiger Aspect ya Uingereza. Hapo vijana wa Kenya walithibitisha kwamba wanaweza kukidhi viwango vya dunia.

Jijini Dar es Salaam, shirika la Ubongo lilianza kurusha Ubongo Kids mwaka 2014, likifundisha hesabu na sayansi kwa katuni za Kiswahili. Julai 2023 Disney ilitoa Kizazi Moto, mkusanyiko wa filamu fupi kumi kutoka Afrika, zikiwemo za Ng'endo Mukii wa Kenya na Raymond Malinga wa Uganda. Hata jina la mkusanyiko huo ni la Kiswahili.

Mfano unaowahusu zaidi wanaojifunza wenyewe unatoka mbali. Machi 2025 filamu ya Flow kutoka Latvia, taifa lenye watu wasiofika milioni mbili, ilishinda tuzo ya Oscar ya filamu bora ndefu ya uhuishaji. Ilitengenezwa kwa Blender, programu ileile anayoweza kuipakua kijana wa Mnarani. Mwelekezi wake, Gints Zilbalodis, alijifunza fani hii mwenyewe, na filamu yake ndefu ya kwanza, Away ya mwaka 2019, aliifanya peke yake.

Lakini hata hapa tusiisome nusu ya kitabu. Flow haikufanywa na mtu mmoja chumbani. Ilihitaji kikosi cha wahuishaji na fedha kutoka Latvia, Ufaransa na Ubelgiji. Kujifunza peke yake kulimfikisha Zilbalodis kwenye Away. Kushirikiana na wengine ndiko kulikomfikisha kwenye Oscar. Ni hadithi ya Yego ikirudiwa kwa lugha nyingine.

Halafu kuna wingu jipya. Februari 2024 kampuni ya OpenAI ilionyesha mfumo wa Sora unaozalisha video kutokana na maneno tu, na Mei 2025 Google ikatoa Veo 3 ulioongeza na sauti. Kijana anayetumia miezi sita kujifunza kutengeneza wimbi la bahari anaona mashine ikilitengeneza kwa dakika chache. Ana haki ya kuuliza: nahangaikia nini?

Jibu linategemea amejifunza nini. Ikiwa alichokikusanya ni orodha ya vitufe, basi mashine imekwisha kumpiku, kwa kuwa vitufe ndivyo inavyovijua zaidi. Lakini ikiwa amejifunza kutazama, kuujua uzito, kuijua subira kabla ya tendo, kujua mtu mwenye huzuni hugeuzaje shingo, basi mashine ni chombo kingine mkononi mwake. Hatari iliyopo ni kwamba video za haraka mtandaoni hufundisha zaidi vile vitufe, kwa sababu ndivyo vinavyoweza kufundishwa na mtu asiyekuona.

Chukua kisa cha Mekatilili wa Menza, shujaa wa Wagiriama aliyewaongoza watu wake dhidi ya Waingereza mwaka 1913 na 1914. Inasimuliwa kwamba katika baraza moja alimletea mtawala Arthur Champion kuku na vifaranga wake, akamtaka ajaribu kuchukua kifaranga kimoja. Kuku akamrukia. Hivyo ndivyo, akaambiwa, Wagiriama watakavyofanya mkijaribu kuwachukua wana wetu.

Kisa hicho kinaweza kuwa filamu ya sekunde kumi, picha 240. Kabla ya kuruka, kuku hunyamaza. Hushusha kichwa, manyoya ya shingo yakasimama, mbawa zikafunguka kidogo. Ni katika robo sekunde hiyo ambapo mtazamaji huogopa. Mashine iliyolishwa picha za dunia nzima itatoa kuku yeyote. Aliyekulia katika boma lenye kuku huko Mnarani anamjua huyu. Kumbukumbu hiyo ndiyo mtaji wake, na hakuna video inayoweza kumuuzia au kumnyang'anya.

Nini basi kifanyike? Kwanza, wanafunzi wenyewe waache kujifungia. Vijana watano wanaokutana mara moja kwa wiki, kila mmoja akaleta sekunde tano za kazi na kukubali kukosolewa, watasonga mbele kuliko mmoja anayetazama video saa nane kwa siku. Wachague somo moja refu walifuate hadi mwisho, na kwa kila saa ya kutazama wafanye kazi saa tatu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Pili, bando lichangwe. Wengi wa walimu wa mtandaoni hawajali somo litazamwe na watu wangapi kwa pamoja. Skrini moja katika ukumbi wa shule au wa kanisa, au katika chumba cha madrasa baada ya vipindi, huwahudumia watu 20 kwa gharama ya mmoja.

Tatu, ahadi zitimizwe. Utawala wa Rais William Ruto uliingia madarakani mwaka 2022 na mpango wa kilomita 100,000 za nyaya za mawasiliano, vituo 25,000 vya intaneti ya umma na kituo cha kidijitali katika kila mojawapo ya wadi 1,450 nchini. Mnarani ni wadi mojawapo katika eneobunge la Kilifi Kaskazini. Kituo kilicho na intaneti lakini hakina tarakilishi yenye nguvu wala mtu wa kuelekeza kitakuwa kijiwe cha kutazamia mpira. Wakazi wana haki ya kumuuliza mwakilishi wao wadini kituo chao kina nini ndani.

Nne, serikali ya kaunti ijipime. Katiba ya 2010 iliziachia kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini. Humo hufunzwa uashi, ushonaji na umekanika, na ni sawa. Si lazima kaunti iajiri profesa wa uhuishaji. Inatosha kumpata mhuishaji mmoja mwenye uzoefu, hata akiwa Nairobi, alipwe kuzikagua kazi za wanafunzi mara mbili kwa mwezi kupitia intaneti hiyohiyo. Somo lenyewe limekwisha kutolewa bure. Kinachopasa kulipiwa ni macho.

Tano, Chuo Kikuu cha Pwani, kilichopewa hati mwaka 2013, kiko ng'ambo tu ya daraja. Wataalamu wake wa Kiswahili wakiketi na vijana wanaotumia programu hizi, istilahi zitapatikana zikitoka kazini wala si kamusini pekee. Baada ya istilahi, masomo ya Kiswahili yatafuata, na hadhira yake haitaishia Kilifi. Itafika Tanga, Unguja, Bukavu na Muscat.

Sita, ujuzi utambuliwe. Mtu aliyejifunza mtandaoni hana cheti, na waajiri wetu bado huomba karatasi kabla ya kuomba kazi. Mamlaka ya kitaifa ya sifa za masomo (KNQA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, inafahamu suala la kupima ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Utaratibu huo usiishie kwa mafundi wa mabomba na makanika. Mhuishaji mwenye filamu mkononi naye apimwe. Mtaala wa umilisi umeweka mkondo wa sanaa na sayansi ya michezo katika sekondari ya juu. Mkondo huo utakauka ikiwa mwisho wake hauonekani.

Hata mkusanya kodi ana sababu ya kujali. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mapato ya Wakenya yatokanayo na maudhui ya kidijitali. Anayesimama kwenye mavuno na debe lake hana budi kuonekana pia wakati wa kupanda.

Hatusemi kwamba vijana waache video. Zimewafikishia walimu ambao babu zao wasingewaota, na atakayewakataza atakuwa anaziba mlango uliogharimu mengi kufunguliwa. Tunachosema ni kwamba mwalimu asiyekuona hawezi kukusahihisha, na kazi isiyosahihishwa haikui.

Vijana wa Mnarani wamekwisha kutimiza sehemu yao: wametafuta, wametazama, wamejaribu usiku stima ilipokuwepo. Sehemu iliyobaki ni ya wale wenye afisi, bajeti na uzoefu, nayo ni ndogo kuliko wanavyodhani. Mtu mmoja anayejua kazi, ameketi karibu na kijana, akamwonyesha kidole picha ya 37 na kumwambia: hapa, kuku wako ameruka kabla hajaogopa. Rudia.